MJI PACHA UWE MIKONONI MWETU

Siku hizi wataalamu wa miji wanazungumza juu ya "mji pacha". Huo ni mfano wa mji uliomo ndani ya kompyuta, wenye barabara, vituo na magari yake, unaopelekewa habari mpya kila saa. Mhandisi aweza kufunga barabara katika pacha kwanza, akaona foleni itahamia wapi, kabla ya kuwasumbua wananchi. Singapore ilitangaza mwaka 2014 kwamba itajenga mfano wake.

Sisi hatupingi chombo hicho. Twauliza tu: Dar es Salaam kitaendeshwa na nani? Mabasi yaendayo haraka yalianza mwaka 2016, kati ya Kimara na Kivukoni, nayo mafuriko ya Jangwani yameyakwamisha zaidi ya mara moja. Pacha asiyejua maji ya Msimbazi hupita wapi, wala daladala husimama wapi, ni picha ya ukutani.

Wala tusiambiwe kwamba vijana wetu hawawezi. Katika kazi ya Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wenyeji wa mitaa walichora ramani za kata zinazofurika.

Basi twasema wazi: penye fedha za mitambo pawe na fedha za kuwafundisha wahandisi, wapanga miji na wasimamizi wa mabasi. Tena wafundishwe kukagua hesabu, si kubonyeza vifungo tu. Anayepangiwa njia na mgeni bado hajajitawala. Ndugu wananchi, tuyadai mafunzo hayo leo!