Damu Haina Kabila

Mara nyingi mabwenini husikika maneno kwamba damu ya kabila fulani ni kali, na ya kabila jingine ni baridi. Wako pia wazazi wanaowakataza watoto wao kutoa damu, wakiogopa kwamba itakwenda kwa mtu asiye wao. Mimi naona fikira hizi zafaa kupimwa kwa elimu ya viumbe tuisomayo darasani.

Chembe nyekundu ya damu si laini kama gololi. Juu ya utando wake zimeota nyuzi fupi za sukari, zilizoshikamana na protini na mafuta. Nyuzi hizo hutengenezwa wakati chembe ingali changa ndani ya uboho wa mifupa. Vimeng'enya huunga sukari moja baada ya nyingine, mfano wa mtu atungaye shanga. Kazi kubwa hufanyika katika sehemu ya chembe iitwayo Golgi, kwa jina la daktari wa Italia, Camillo Golgi, aliyeieleza mwaka 1898.

Basi, tofauti ya makundi ya damu iko kwenye shanga ya mwisho. Karibu sote tuna uzi mmoja wa asili. Kwa mtu wa kundi A, uzi huongezwa sukari iitwayo asetilgalaktosamini; kwa mtu wa B, galaktosi; wa AB anazo zote mbili; wa O haongezwi kitu. Hata vimeng'enya vya A na B hutofautiana kwa asidi amino 4 tu katika zaidi ya 350.

Jambo ni dogo, lakini lina hatari. Mtu wa O akitiwa damu ya A, mwili wake huiona sukari ile kuwa adui, ukazipasua chembe, na mgonjwa aweza kufa. Karl Landsteiner alipoyaeleza makundi haya mjini Vienna mwaka 1901, aliwafungulia madaktari njia ya kuongeza damu kwa salama. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Sasa nauliza: kabila liko wapi hapa? Ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuwa na damu zisizopatana, na mgeni wa mbali akawa ndiye awezaye kumwokoa mmoja wao. Chembe haijui lugha wala dini. Yajua sukari tu.

Wengine husema mtoaji hudhoofika. Lakini mtoaji hupimwa kwanza, naye hutoa mililita 450 hivi. Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe kwa majuma machache. Twasema akiba haiozi, lakini akiba ya damu huoza: chembe nyekundu hazihifadhiwi kwenye baridi zaidi ya siku 42 hivi. Damu ya mwaka jana haimfai mama anayejifungua leo, wala mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria.

Kwa hiyo nashauri kila mwanafunzi alijue kundi lake. Wenzangu wa Kidato cha Tano na cha Sita waliotimiza miaka 18 na uzito wa kilo 50 wajitolee, na wazazi wetu watupe baraka zao. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.