Uwezo wa Watu Haupimwi kwa Idadi ya Semina

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wanavijiji walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana kuhusu malaria, kichocho na kuhara damu. Kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kwa mikono yao. Walioshiriki walikadiriwa kufikia milioni 2.

Huikumbuka kampeni hiyo kila nisomapo taarifa za miradi yetu ya ustawi wa jamii. Taarifa hizo huhesabu semina zilizofanyika, wajumbe waliohudhuria na fedha zilizotumika. Ni nadra zieleze mshiriki anaweza kufanya nini leo ambacho jana hakukiweza.

Sidai kwamba ruzuku kwa kaya maskini ziondolewe. Mwenye njaa hafundishiki. Lakini ruzuku isiyoandamana na maarifa, stadi za kazi na sauti katika mkutano wa kijiji humwacha mpokeaji akisubiri malipo yajayo. Ofisa maendeleo ya jamii na apimwe kwa yale ambayo wananchi wataweza kuyaendeleza wenyewe, yeye akishahamishiwa wilaya nyingine.