Mapumziko ya Mwanafunzi Aliye Italia: Je, Ni Anasa?



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi jambo linalosemwa kwa sauti ya chini katika jumuiya zetu ndogo ndogo, na wakati mwingine kwa sauti ya juu nje ya kanisa baada ya Misa. Jambo lenyewe lawahusu vijana wetu, mapadre, watawa na walei, wanaokwenda Italia kwa masomo ya juu. Wakiwa huko hutuma picha. Huyu amesimama kando ya mifereji ya Venezia, yule anakula aiskrimu Firenze, mwingine yuko mlimani amezungukwa na theluji. Nasi tuliochanga nauli, tuliotoa mkungu wa ndizi na jogoo kwenye mnada wa Jumapili, huzitazama picha hizo na kuulizana: “Hivi tulimpeleka kusoma au kutembea?”

Swali hilo tusilidharau. Senti ya mjane ina uzito mbele ya Mungu, na aliyeitoa anayo haki ya kujua imefanya nini. Hata hivyo, kwa maoni yetu swali hilo limeishia njiani. La kuuliza si kama mwanafunzi anapumzika, bali anapumzika namna gani, anakutana na nani, na atakaporudi atatuletea nini. Tena liko swali jingine, nalo latuhusu sisi tuliobaki nyumbani.

Tuanze na Injili. Katika sura ya 6 ya Marko, mitume wanarudi kutoka utumeni wakiwa wamechoka, na watu ni wengi hata hawapati nafasi ya kula. Bwana anawaita waende kando, mahali pasipo na watu, wapumzike kidogo. Hakuwauliza kwanza kama kazi imekwisha, maana kazi ilikuwa haijaisha. Walipofika ng’ambo waliukuta umati ukiwangoja, naye Bwana akauhurumia. Hapo twajifunza mambo mawili. La kwanza, mapumziko ni agizo la Bwana mwenyewe. La pili, mapumziko ya mfuasi wa Kristo hayaufungi mlango mbele ya watu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwana wa Italia wa karne ya 13, alilishughulikia suala hili katika Summa Theologiae. Alifundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na kwamba mchezo na burudani vyenye kiasi ndivyo vinavyoipumzisha. Akasimulia hadithi ya kale ya Mtakatifu Yohane, ambaye watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mishale mfululizo, kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo kwa akili ya mwanadamu isiyolegezwa kamwe.

Basi tutazame maisha ya huko yalivyo. Wengi wa wanafunzi wetu huanza na lugha, baadhi yao katika Chuo Kikuu cha Wageni kilichoko Perugia. Kisha huingia katika vyuo vikuu vya kipapa jijini Roma, kama vile Urbaniana au Gregoriana, ambako mwaka wa masomo huanza Oktoba na kwisha Juni, na mitihani ikiwa Januari hadi Februari na tena Juni. Mwezi Desemba jua la Roma huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtu aliyezoea uwanja uliojaa watoto, salamu za majirani na sauti ya kwaya ikifanya mazoezi, hujikuta chumbani peke yake mbele ya kitabu cha lugha ngeni. Baada ya hapo huja kiangazi. Ifikapo tarehe 15 Agosti, sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, ambayo Waitalia huiita Ferragosto, maduka mengi hufungwa na wenyeji huenda pwani au milimani. Mgeni asiye na pa kwenda hubaki katika mitaa mitupu yenye joto kali. Anayefikiri kwamba kijana huyo angepaswa kukaa ndani mwaka mzima ili aonekane mwenye bidii, hajui upweke unavyoweza kumfanya mtu.

Wahenga wetu wametuachia mafundisho mawili yanayoonekana kupingana. Wametuambia tutembee tujionee, na wakatuonya kwamba mtembezi hula miguu yake. Yote mawili ni kweli. Tofauti iko katika kile mtu anachokwenda kukitafuta.

Mtakatifu Filipo Neri, mzaliwa wa Firenze aliyefanya utume wake Roma katika karne ya 16, aliielewa tofauti hiyo. Aliwaona vijana wakipotelea katika ulevi na fujo za sherehe zinazotangulia Kwaresima. Hakuwafungia ndani, bali aliwatoa nje. Aliwaongoza kwa miguu kuyazuru makanisa saba ya Roma, mwendo wa zaidi ya kilometa 20. Walisali, wakaimba, na njiani wakaketi bustanini kula pamoja. Hija hiyo ingali ikifanyika hadi leo, wala haihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi wetu mwenye viatu imara na kipande cha mkate aweza kuimaliza kwa siku moja, akarudi chumbani amechoka mwili na kuburudika roho.

Mfano wa karibu zaidi ni Pier Giorgio Frassati wa Torino, aliyezaliwa mwaka 1901 katika familia yenye mali. Huyu alikuwa mwanafunzi kama wanafunzi wetu, akisomea uhandisi wa migodi kwa shauku ya kuwatumikia wachimbaji. Alipenda mno kupanda milima pamoja na rafiki zake, na picha zake akiwa mlimani zipo hadi leo. Kumbe picha si dhambi! Lakini kijana huyo huyo aliyepanda milima ndiye aliyepanda ngazi za nyumba za maskini wa Torino, akiwapelekea chakula na dawa kama mwanachama wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Alifariki kwa polio tarehe 4 Julai 1925 akiwa na umri wa miaka 24, kabla hajamaliza masomo. Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na Carlo Acutis. Kanisa halikumwona mlima kuwa kikwazo cha utakatifu wake.

Turudi sasa kwenye ile picha ya Venezia. Katika mji huo huo, mwezi Novemba 1889, mahakama ilitamka kwamba msichana mmoja Mwafrika, aliyetekwa utotoni huko Darfur na kuuzwa mara kadhaa, alikuwa mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa papo hapo Venezia. Huyo ndiye Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyekuja kuwa mtawa wa Shirika la Wakanosa, akahudumu kwa miaka mingi katika mji mdogo wa Schio, akafia huko tarehe 8 Februari 1947. Mwafrika anayefika Venezia akaona maji na mashua tu, ameona alichoonyeshwa na wauza kadi za posta. Akitafuta nyayo za Bakhita, safari yake imekuwa somo. Tena macho yake yakishafunguka, atawaona Waafrika wa leo walio Italia: mabinti waliodanganywa na kuuzwa barabarani, na vijana wanaovuna nyanya huko Puglia kwa ujira mdogo. Hawa ndio umati unaongoja ng’ambo. Mwanafunzi aliyetumia Jumapili moja kuwatembelea ametutumia picha bora kuliko zote, hata kama hakupiga picha yoyote.

Sasa tuje kwetu. Sisi tuliobaki nyumbani huwanyang’anya wanafunzi hawa mapumziko yao kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni manung’uniko. Mwanafunzi akijua kwamba kila akionekana anacheka ataambiwa anafuja, hujifunza kuficha. Leo atatuficha safari ya Asizi, kesho atatuficha mtihani alioshindwa, na keshokutwa atatuficha kwamba hapati usingizi na moyo wake unaumwa. Tutakuja kujua mambo yakiwa yameharibika, ndipo tutashangaa kwa nini hakusema.

Njia ya pili ni maombi yetu. Tunampigia simu si kumjulia hali bali kumpa orodha: ada ya mpwa, bati za shangazi, simu ya binamu, mchango wa arusi. Twadhani aliyeko Ulaya anaokota fedha. Matokeo yake, kiangazi kinapofika huyo kijana hapumziki. Padre huzunguka parokia za Italia kushika nafasi za maparoko walio likizoni. Utume huo ni mwema, lakini hubadilika kuwa mzigo anapoufanya Julai, Agosti na Septemba bila juma moja la kupumua, kwa sababu ya orodha yetu. Mlei, ambaye kibali chake cha masomo humruhusu kufanya kazi kwa saa 20 kwa juma, huosha vyombo mikahawani hadi usiku wa manane. Oktoba inafika, masomo yanaanza, na upinde haujalegezwa hata mara moja. Kisha twauliza kwa nini shahada imechelewa.

Kwenu ninyi wanafunzi mnaotusoma mkiwa huko, nanyi mnao wajibu. Pumzikeni bila hofu, lakini kwa kiasi, mkikumbuka mkungu wa ndizi uliowafikisha hapo. Starehe ya Italia si lazima iwe ya gharama. Makumbusho ya Vatikano hufunguliwa bure Jumapili ya mwisho ya mwezi, na yale ya serikali Jumapili ya kwanza. Mabasilika makuu ya Roma hayana kiingilio. Treni za kawaida za mikoani zitawafikisha Asizi bila kuvunja kibubu. Msitembee na watu wa kwenu tu. Kubalini mwaliko wa familia ya Kiitaliano kwa chakula cha Jumapili, kwani lugha hukaa mezani kuliko darasani. Na mkirudi, tusimulieni. Jioni moja pamoja na vijana wa parokia, mkiwaeleza habari za Bakhita na Frassati katika miji mliyoiona kwa macho yenu, itawalipa waliochanga kuliko hotuba ndefu ya shukrani.

Nasi tuliobaki, tufanye zoezi moja dogo juma hili. Kila mwenye ndugu au mtoto wa parokia aliye masomoni ng’ambo ampigie simu au amwandikie, asimwombe chochote. Amwulize tu: “Umepumzika?” Kisha anyamaze, asikilize jibu.

Mtakatifu Yosefina Bakhita na Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, mtuombee. Tunawatakieni nyote Dominika njema na yenye mapumziko.