Neno la Mhariri: Malaria Ikipungua, Vinasaba Visomwe Zaidi

Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa takriban asilimia 8 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5. Tabora ilivuka asilimia 20. Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi haba kabisa. Wapo basi wanaouliza kwa nini fedha chache za kusoma vinasaba vya vimelea ziletwe kwenye nyanda hizi kame, badala ya kupelekwa magharibi wanakougua wengi. Sisi tunaona uhaba huo ndio sababu ya kuzileta. Anayekulia Bahi au Chamwino, wilaya za Dodoma, haumwi malaria mara kwa mara, hivyo kinga yake ni hafifu. Kimelea sugu kikiingia msimu wa mvua kitawaangusha wakubwa kwa wadogo. Tena, palipo na maambukizi mengi aina nyingi za vimelea hushindana ndani ya damu moja, lakini huku kimelea sugu kinaweza kukosa mshindani. Na njia ya kuingilia ipo. Uchunguzi ulioongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) katika mikoa 13 mwaka 2021 ulikuta badiliko la 561H, linalodhoofisha dawa ya artemisinini, kwenye asilimia 7.7 ya sampuli za Kagera, na karibu asilimia 23 wilayani Karagwe. Badiliko hilo lilikuwa limeshaonekana Rwanda, na malori yaendayo Rwanda hupita Dodoma.

Tutaambiwa kwamba dawa mseto ya ALu, yenye aina ya artemisinini ndani yake, bado inaponya. Ni kweli: hadi sasa usugu huu unachelewesha vimelea kuisha mwilini, na dawa ya pili iliyomo katika mseto humalizia kazi. Lakini klorokwini nayo iliendelea kutolewa miaka mingi baada ya usugu kujulikana. Ilipoondolewa mwaka 2001, watoto wengi walikuwa wamekwisha kufa, na dawa ya SP (sulfadoksini-pirimethamini) iliyochukua nafasi yake ilidumu takriban miaka mitano tu. Anayesubiri wodi zimpe taarifa amechelewa. Kuhusu gharama, vitendanishi ni ghali na wataalamu ni wachache, hilo hatulipuuzi. Hata hivyo kuchukua sampuli ni jambo jepesi: kidole kilekile kinachochomwa kwa kipimo cha haraka hutoa tone la kukausha kwenye karatasi ya chujio. Tunachodai ni kwamba matone ya Dodoma yasomwe kila msimu, na majibu yamfikie Mganga Mkuu wa Mkoa kabla ya mvua za Desemba, wakati bado kuna nafasi ya kuamua dawa gani iagizwe.