Mchaichai: Kinywaji Kizuri, Dawa Isiyopimwa

Katika mimea ya kinywaji inayoweza kuoteshwa uani, pengine hakuna wenye taabu ndogo kama mchaichai. Mbegu hazihitajiwi, wala si rahisi kuzipata, kwa kuwa mmea huu ni nadra sana kutoa maua. Anayeutaka huomba shina kwa jirani, akaligawa katika vichipukizi vyenye mizizi, akayapunguza majani, kisha akavipanda kwa kuviachanisha nusu mita au zaidi mahali penye jua na pasipotuama maji. Baada ya miezi michache kichaka huwa tayari kukatwa, nacho huchipua tena. Asili ya mchaichai ni Asia ya kusini na kusini-mashariki, lakini umezoeleka mno Afrika ya Mashariki hata wengi hudhani ni mmea wa hapa tangu zamani.

Harufu yake ya ndimu hutokana na mafuta yaliyomo katika majani, ambayo sehemu yake kubwa ni kemikali iitwayo sitrali. Viwanda huitumia sitrali kwa manukato na sabuni, na hata kama malighafi ya kuundia vitamini A. Mafuta hayo ni mepesi kuruka hewani. Ndiyo sababu majani hukaushwa kivulini wala si juani, na ndiyo sababu pia haifai kuyatokosa kwa muda mrefu katika sufuria iliyo wazi: harufu nzuri inayojaa jikoni ndiyo iliyopaswa kubaki kikombeni. Yafaa maji yakishachemka yamiminwe juu ya majani, chombo kifunikwe, na kingojewe dakika chache. Kinywaji hicho hakina kafeini, isipokuwa kama mpishi ametia pia majani ya chai ya kawaida, jambo ambalo wengi hulifanya kisha wakashangaa usingizi umekwenda wapi.

Mpaka hapo hapana ubishi. Ubishi huanza pale kifurushi cha majani makavu kinapouzwa kwa maelezo kwamba hutibu shinikizo la damu, kisukari, malaria na saratani kwa pamoja. Mtetezi wa kifurushi hicho atasema kwamba sitrali imeonekana maabara ikiua aina fulani za ukungu na bakteria. Ni kweli. Lakini kisahani cha maabara si mwili wa mtu. Kikombe kimoja kina sitrali kiasi gani? Kiasi gani hufika katika damu, nacho hukaa humo kwa muda gani? Asiyeweza kujibu maswali hayo anauza kinywaji, hata akikiita dawa.

Artemisia yaonyesha hatari iliyopo. Mmea huu una kemikali inayoua vimelea vya malaria kwa hakika, yaani artemisinini, iliyotengwa nchini China mwaka 1972 na kikundi cha watafiti walioongozwa na Tu Youyou, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Yeye alifaulu baada ya kuacha kuchemsha majani na kutumia etha, kwa kuwa joto kali lilikuwa likiiharibu kemikali hiyo. Isitoshe, artemisinini huyeyuka kwa shida katika maji, na kiasi chake hutofautiana kwa mmea, kwa msimu na kwa namna ya kukausha. Anywaye chai ya artemisia hupata dozi asiyoijua, aghalabu ndogo, naye huweza kupata nafuu ya siku mbili huku vimelea vingine vimesalia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba haliungi mkono matumizi ya namna hiyo. Si jambo la mbali: vimelea vyenye usugu kiasi dhidi ya artemisinini vimekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa na kupewa dawa mseto. Kungoja siku tatu akinyweshwa majani kwaweza kumgharimu maisha.

Kwa hiyo shule zisiuondoe mchaichai katika bustani zao. Kinyume chake, ziupande kwa wingi na kuutumia kufundishia kile ambacho wauza vifurushi hawakifanyi, yaani kupima. Majani ya kichaka kimoja yagawanywe mafungu mawili yenye uzito sawa, moja likaushwe juani na jingine kivulini, na uzito uandikwe kila siku mpaka usipungue tena. Kisha gramu zilizo sawa zitiwe katika maji yaliyo sawa, kwa dakika zilizo sawa, na vikombe vipewe namba tu. Wanaoonja wasijue kipi ni kipi, wala anayewagawia asijue. Jaribio lirudiwe kwa vichaka vingine, na majibu ya kila mwonjaji yaandikwe ubaoni kabla siri ya namba haijafunuliwa.