Feni isichochee moto

Mimi huandika programu, na kuna jambo linalonikera. Programu nyingi nilizoziona za kuendesha feni za mitambo ya simu zinajua kanuni moja tu: joto likizidi, feni iongeze kasi. Sasa niambie msomaji, joto likizidi kwa sababu waya umeshika moto ndani ya kabati, itakuwaje? Feni itageuka mvukuto wa mhunzi. Itapuliza moto na kusukuma moshi kwenye mitambo jirani.

Kanuni yenyewe ina maana yake. Feni ikizunguka kwa nusu ya kasi hutumia takriban thuluthi... la, moja kwa nane tu ya umeme, hivyo kuipunguza kukiwa na baridi ni akiba kubwa. Na kipimajoto kikiharibika, feni huachwa ipige kasi yote ili mitambo isiungue. Shida ni kwamba moto nao huharibu kipimajoto. Programu inaona kimya, inadhani ni hitilafu ya kawaida, inaongeza upepo!

Wengine watasema feni zisimame joto likipita kiwango fulani. Sikubali. Kipimajoto kimoja kibovu kitazima simu za mji mzima.

Maoni yangu ni haya: joto pekee lisitoe uamuzi. Kabati liwe na kigunduzi cha moshi. Moshi ukionekana, feni zisimame na umeme wa kabati hilo ukatwe, maana betri za volti 48 huendelea kulisha moto hata stima ikipotea. Tena saketi ya kukata ijitegemee, isingoje tarakilishi ambayo huenda inaungua tayari.

Kengele peke yake haitoshi. Jumapili tarehe 8 Mei 1988, jengo la simu la Illinois Bell huko Hinsdale, karibu na Chicago, liliungua bila mfanyakazi ndani. Ishara ya moto ilifika Springfield, lakini wazima moto hawakuitwa mara moja. Wateja wapatao 35,000 walikosa simu.

Hapa kwetu minara mingi iko vilimani, mbali na fundi. Ikizimika, hata M-Pesa inakwama. Kwa hivyo wanunuzi wa mitambo, muulizeni muuzaji: kukitokea moshi, feni zenu hufanya nini? Akikosa jibu, msinunue.