Kifaa Kisichongoja Mkono wa Mtu

Ndugu wafanyakazi, sisi wa Kisaju tuko mbali na maji, lakini reli imekuwa na mabaharia wake pia. MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa meli ya Shirika la Reli la Tanzania.

Mabehewa yakikatika njiani, breki hujifunga zenyewe. Melini kipo kifaa cha namna hiyo: meli ikizama, kabla ya kufika mita 4, uzito wa maji hukisukuma, kikafungua kamba, na chelezo cha kuokolea watu kikaibuka. Lakini kamba ikifungwa vibaya, chelezo huzama pamoja na meli.

Kwa hiyo twataka mabaharia wafundishwe kukikagua, na wakikiona kibovu waruhusiwe kukataa safari. Uhai hauna spea.